Flashi ya zamani kwenye kamera ya digitali: dalili, chanzo na dawa yake

Flashi za miaka ya 1970 na 1980 bado zipo nyingi mikononi mwa watu. Studio zilizokuwa zikipiga picha za filamu zimezihifadhi, wazee wamewaachia vijana wao, na nyingine huuzwa kwa bei ya kutupa pamoja na kamera za filamu. Kwa mpiga picha anayeanza, mwenye kamera ya mtumba na asiye na hela ya flashi mpya, flashi ya Vivitar 283 inayofanya kazi ni mali kabisa. Lakini nikiletewa kamera ya digitali isiyowasha tena flashi yoyote, swali langu la kwanza ni flashi gani ya zamani imewahi kukaa juu yake. Hatari yenyewe haijitangazi. Flashi inawekwa, inawaka, watu wanapiga sherehe nzima, na kamera inakuja kufa upande wa flashi siku nyingine, wakati hakuna tena anayeikumbuka flashi ile ya kuazima.

Kwa hiyo tutaanza na kipimo kimoja cha lazima. Dalili nyingine zote zinafuata baada ya hapo.

Kipimo cha kwanza: volti ya pini ya kati

Kwenye kamera za filamu za zamani, flashi iliwashwa na vipande viwili vya chuma vilivyo ndani ya shata. Shata ikifunguka vinagusana, saketi inafunga, flashi inapiga. Chuma kikigusana na chuma hakijali kinapitisha volti 5 au 300. Watengenezaji wa flashi wakaona hakuna haja ya kuhangaika: wakaitoa volti ya kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi umeme wa kupiga), ambayo ni kama 300, wakaileta karibu yote hadi kwenye pini iliyo katikati ya mguu wa flashi. Kamera ya digitali haina vipande hivyo. Ina swichi ndogo ya kielektroniki, na kila swichi ya aina hiyo ina kikomo cha volti inayoweza kustahimili. Ikizidishiwa, inaweza kufa papo hapo au ikachoka kidogo kidogo.

Vikomo havilingani. Vitabu vya kamera za Nikon za digitali vinakataza volti zinazozidi 250 na volti za kinyume. Fujifilm inataja 300 kwenye kamera zake za X. Canon inaonya usiweke flashi ya volti kubwa kwenye kiti cha juu, yaani pale mguu wa flashi unapochomekwa juu ya kamera, na kwa EOS za mwanzo za digitali, kama 10D na 300D, kikomo kilichotajwa kilikuwa volti 6 tu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10330, cha mwaka 1992, kinataja volti 24. Ukijumlisha hayo yote unaona kwamba flashi ile ile inaweza kukaa salama juu ya kamera moja na kuiua nyingine.

Jina la modeli peke yake halitoshi kukupa jibu. Vivitar 283 za mwanzo zilizotengenezwa Japani hupima zaidi ya volti 200, ilhali 283 za baadaye, zenye umbo lile lile na namba ile ile, hupima chini ya 12. Kuna kosa jingine linalowaponza wengi: herufi HV kwenye Vivitar 285HV hazimaanishi kwamba pini yake ina volti kubwa. Maana yake ni kwamba flashi inakubali kuunganishwa na pakiti ya betri ya nje yenye volti kubwa. Kwenye pini ya kati, 285HV nyingi zina volti ndogo kuliko 285 za kawaida zilizotangulia. Lakini usikae ukibahatisha. Pima.

Chukua multimita ya digitali, iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 600 au 1000. Weka betri mpya kwenye flashi, iwashe, subiri taa ya tayari iwake, bonyeza kitufe cha majaribio ipige mara moja, kisha iache ijae tena na uongeze nusu dakika. Ipindue utazame mguu wake. Katikati kuna kidoti cha chuma, hiyo ndiyo pini ya kati. Pembeni, kwenye ukingo unaoteleza ndani ya kiti cha kamera, kuna chuma kingine. Mguu wa 283 ni wa plastiki na chuma hicho cha pembeni ni kipande kidogo, kwa hiyo kitafute mahali penye mwanga. Ncha nyekundu ya multimita iguse pini ya kati, nyeusi iguse chuma cha pembeni. Elekeza kichwa cha flashi mbali na uso, kwa sababu ncha mbili zikigusana itapiga, na vidole visiguse chuma.

Soma namba ikitulia. Ikija na alama ya kutoa mbele, na una hakika hujabadilisha ncha, polariti ya flashi hiyo imegeuka, yaani chanya na hasi zimebadilishana nafasi. Isiwekwe kwenye kamera ya digitali hata kama volti ni chache. Kama flashi ina tundu la waya wa sinki, ule unaoiunganisha na kamera, pima na hapo, maana kwa baadhi ya flashi volti za sehemu hizo mbili hutofautiana. Multimita ya mshale ya bei nafuu iache kwa kazi hii: yenyewe hunyonya umeme wa saketi inayopimwa na kukupa namba ndogo kuliko hali halisi, nawe ukaondoka ukidhani uko salama.

Maamuzi yangu ni haya. Chini ya volti 6, weka kwenye kamera yoyote. Kuanzia 6 hadi 24, soma kwanza kitabu cha kamera yako. Kamera nyingi za kisasa hazina tabu hapo, EOS za mwanzo ndizo za kuogopa. Ikizidi 24, flashi hiyo haipandi juu ya kamera yangu, hata kama kitabu kinaruhusu 250. Flashi yenye umri wa miaka 40 haina ahadi ya kubaki na volti zile zile nilizopima leo, na bodi ya kamera ni ghali kuliko flashi kumi za aina hiyo.

Volti zimezidi, ila flashi ni nzima

Usiitupe. Itumie mbali na kamera. Njia ninayoipenda ni sensa ya mwanga, kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye mguu au waya wa flashi na kuifyatua kinapoona flashi nyingine imepiga. Hapo hakuna waya wowote kati ya flashi na kamera, kwa hiyo volti 250 hazina njia ya kuifikia. Triga ya redio, inayopeleka amri ya kupiga kwa mawimbi ya redio, nayo inafaa, lakini kumbuka kwamba kipokezi chake pia kina swichi ya kielektroniki na kikomo chake. Watu wanaokoa kamera kisha wanaunguza kipokezi. Soma kikomo kwenye karatasi yake kabla ya kuunganisha.

Ukilazimika kuiweka juu ya kamera, kuna adapta za kupunguza volti. Inayojulikana zaidi ni Wein Safe-Sync, inayokaa kati ya flashi na kiti cha kamera na kuacha volti chache tu zipite. Hakikisha ni ya kupunguza volti kweli. Zipo adapta nyingi zinazofanana nayo kwa sura ambazo kazi yake ni kuongeza tundu la waya tu, na hizo hazizuii chochote. Ukishaifunga, pima tena juu ya adapta kama ulivyopima flashi.

Ukibonyeza kitufe chake inawaka, kamera ikipiga iko kimya

Hii ndiyo dalili inayoletwa sana, na mara nyingi flashi haina kosa lolote.

Tazama kwanza kiti cha flashi juu ya kamera yako. Je, kina kidoti cha chuma katikati kabisa? Canon EOS 250D, 2000D na 4000D hazina. Kiti chake kina vile vidoti vidogo vya mawasiliano ya flashi za Canon, lakini pini ya kati imeondolewa, na flashi ya zamani huwashwa na pini hiyo peke yake. Hakuna mpangilio wa menyu utakaoirudisha. Nimeona watu wakinunua flashi ya pili na ya tatu wakidhani ya kwanza ni mbovu, kumbe kamera haina mahali pa kuiambia iwake. Kwa kamera hizo, tumia flashi yake ya ndani kufyatua flashi ya zamani kupitia sensa ya mwanga.

Kama pini ipo, angalia shata ya kimya. Kamera zisizo na kioo ndani, zikiwa kwenye shata ya kielektroniki au ya kimya, kwa kawaida huzima flashi. Rudisha kwenye shata ya kawaida. Canon za DSLR, yaani zenye kioo ndani, nazo zina mtego wao: ukipiga kwa kutazama skrini, na menyu ya upigaji wa kimya iko kwenye modi ya 1 au ya 2, flashi isiyo ya Canon haiwaki. Iweke kwenye kuzima, flashi itaitika.

Likishindikana hilo, tafuta uchafu. Ukanda wa pwani, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, hewa ya chumvi huotesha ukijani kwenye shaba na kuacha utando juu ya chuma ambao jicho halioni vizuri. Futa pini ya kati na chuma cha pembeni kwa kifutio cha penseli, kisha kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Kwenye kamera, futa na zile reli mbili za kiti, kwa sababu mzunguko unapitia huko kurudi. Kamera nyingine zimepakwa rangi nyeusi kwenye reli, na chuma kidogo cha 283 kinaweza kuishia kugusa rangi. Sukuma mguu mpaka mwisho, kaza gurudumu, jaribu tena.

Sony ni hadithi ya peke yake. Kamera za Minolta tangu 1988, na Sony zilizorithi mfumo huo, zilikuwa na kiti cha umbo lao wenyewe. Sony ilibadilisha kuanzia 2012. Kama mguu wa flashi hauingii bila kulazimishwa, unahitaji adapta, na usitumie nguvu.

Inapiga mara moja, kisha inagoma mpaka uizime

Picha ya kwanza nzuri, ya pili giza, ya tatu giza. Unaizima flashi au unaichomoa, unairudisha, inapiga tena mara moja. Taa ya tayari muda wote inawaka, na kitufe cha majaribio huenda kikakataa pia.

Hapa swichi ya kamera, au ya triga, imeshikwa. Swichi ya aina ya thairista ikishawashwa hubaki wazi kwa umeme kupita mpaka mkondo ushuke chini ya kiwango fulani. Baadhi ya flashi huendelea kutiririsha mkondo mdogo kwenye pini baada ya kupiga, mdogo lakini wa kutosha kuizuia swichi isijifunge. Ni kama mlango uliowekewa kijiwe. Flashi inaona bado inaamriwa, hivyo haioni amri mpya.

Dalili hii haina maana kwamba kamera imeharibika. Kama volti ulizipima ziko chini, hakuna madhara, ila flashi na kamera hiyo hazitafanya kazi pamoja. Badilisha njia: weka triga ya aina nyingine kati yao, au sensa ya mwanga. Kama hukupima, ichomoe sasa hivi ukapime.

Flashi ya TTL ya enzi za filamu: kamera imejifunga, au picha nyeupe tupu

Kuna flashi za zamani ambazo volti zake hazina shida yoyote, kama Nikon SB-24 na SB-28 au Canon 430EZ na 540EZ. Tatizo lao ni lugha. TTL, yaani kupima mwanga uliopita kwenye lenzi, enzi za filamu ilipima mwanga ukiwa unarudi kutoka kwenye uso wa filamu, wakati ule ule wa kupiga, na kuikata flashi ulipotosha. Sensa ya digitali hairudishi mwanga kama filamu, ndipo kampuni zikaja na mifumo ya kupiga mwanga mdogo wa kupima kabla ya picha yenyewe. Flashi ya mfumo wa zamani haijui kufanya hivyo.

Kwenye Nikon ya digitali, ukiiacha SB-28 kwenye TTL, kitufe cha shata hujifunga kabisa, na mtu hudhani kamera imekufa. Ihamishe flashi kwenye A (auto ya flashi yenyewe) au M (nguvu unayopanga mwenyewe), kitufe kitafunguka. Kwenye Canon, 430EZ ikiwa kwenye TTL au A-TTL hupiga nguvu zote kila mara, na bibi harusi anageuka karatasi nyeupe. Iweke kwenye M uchague nguvu mwenyewe. SB-28 kwenye A ni flashi nzuri sana hadi leo, na ninaithamini kuliko nyingi mpya za bei ya chini.

Flashi ya kampuni moja ukitaka kuiweka kwenye kamera ya kampuni nyingine, zile pini ndogo za ziada zinaweza kugusa vidoti visivyo vyake. Zifunike kwa kipande cha utepe wa umeme, uache ya kati peke yake. Ukingo wa pembeni usiufunike.

Picha inaungua au inatoka giza, na flashi iko kwenye "auto"

Modi ya auto ya flashi za zamani haina mawasiliano na kamera. Kijicho kidogo kilicho mbele ya flashi kinatazama mwanga unaorudi na kuikata flashi kikiona umetosha. Kitafanya kazi sawasawa kwa sharti moja: ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) na tundu la lenzi kwenye kamera yawe yale yale uliyopanga kwenye flashi. Flashi inakwambia ISO 100 na rangi fulani uliyochagua juu yake ni f/5.6, basi kamera iwe modi ya M, ISO 100, f/5.6. Kosa la kawaida ni ISO ya kujipanga yenyewe. Kamera haijui kuna flashi, inaona ukumbi una giza, inapanda hadi ISO 3200, na flashi iliyopangwa kwa 100 inaunguza kila kitu. Zima ISO ya kujipanga kabla ya jambo lolote.

Ukishapanga hivyo na bado picha zinayumba, tazama kilicho mbele ya kijicho. Kinachukua wastani wa yote kinayoyaona. Wanaume wanne waliovaa kanzu nyeupe hurudisha mwanga mwingi, flashi inakatika mapema, nyuso zinabaki nyeusi. Fungua lenzi hatua moja, kutoka f/5.6 kwenda f/4, bila kugusa flashi. Kundi la akina mama wenye mabuibui meusi, au watu wachache nje usiku na giza nyuma yao, ni kinyume chake: flashi inaendelea kumwaga mwanga na nyuso zinapauka. Funga hatua moja, f/8. Mpiga picha wa harusi za pwani akilijua hili tu, nusu ya kazi imeisha.

Ukiinua kichwa cha flashi kuelekea dari, hakikisha kijicho kimebaki kikimtazama mhusika. Kwenye 283 kijicho kipo kwenye mwili wala si kwenye kichwa, kwa hiyo hilo limefikiriwa. Flashi nyingine ndogo huinuka nacho, na hapo unapimiwa mwanga wa dari.

Kwa modi ya M kuna hesabu ya zamani isiyozeeka: namba ya mwongozo (inayoeleza nguvu ya flashi) gawanya kwa umbali wa mita, unapata tundu la lenzi. 283 ina namba ya karibu 36 kwa ISO 100. Mtu akiwa mita 4.5, tumia f/8. Ukipanda ISO 400 namba inakuwa 72. Ila 283 kwa M ina nguvu zote tu, isipokuwa uwe na kile kidude cha VP-1 kinachochukua nafasi ya kijicho. 285 ina nusu, robo na 1/16 kwenye gurudumu lake.

Rangi zikija za njano au za bluu, ni kwa sababu kamera haijui kama flashi imepiga. Panga mizani ya weupe kwenye alama ya flashi.

Mkanda mweusi pembeni mwa picha

Umezidisha spidi ya shata. Shata ina mapazia mawili, na kwenye spidi kubwa la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufunguka, hivyo flashi inakuta sehemu ya sensa imefunikwa. Flashi ya kisasa ya kampuni huizuia kamera isivuke. Ya zamani haina uwezo huo, na kamera inakuacha upige hata 1/1000. Kamera nyingi zinakomea 1/200 au 1/250. Nikon D40 na D70 hufika 1/500. Ukitumia triga ya redio, shuka kidogo zaidi, 1/160 au 1/125, kwa kuwa amri huchelewa kidogo njiani.

Skrini nyeusi tii kabla ya kupiga

Kamera zisizo na kioo hukuonyesha picha itakavyotoka. Kwa f/8, 1/160 na ISO 100 ndani ya ukumbi, bila kuhesabu flashi, itatoka nyeusi, na kamera haihesabu flashi isiyoijua. Zima maonyesho hayo kwenye menyu: Canon wanayaita Exp. SIM, Sony ni Setting Effect, Fujifilm ni Preview Exp. kwa modi ya M. Skrini itarudi kuwa na mwanga wa kawaida.

Umeona kwa macho imewaka, lakini kwenye picha haimo

Hii inatokea ukitumia sensa ya mwanga na flashi ya ndani ya kamera. Flashi ya ndani ikiwa kwenye TTL hupiga mara mbili, ya kwanza ya kupima na ya pili ya picha, zikifuatana kwa kasi hivi kwamba jicho linaona moja. Flashi ya zamani inaitika ile ya kwanza. Picha inapopigwa, yenyewe ndiyo kwanza inajaza upya.

Panga flashi ya ndani iwe M, nguvu ndogo kabisa. Kamera nyingi za Nikon zina nafasi hiyo kwenye menyu. Kama yako haina, kwenye Canon bonyeza kitufe cha nyota kwanza: mwanga wa kupima unapigwa hapo, flashi ya zamani inapiga bure, unaisubiri ijae, kisha unapiga picha na flashi zote mbili zinakutana. Inafaa kwa picha za studio. Kwa sherehe ya watu wanaotembea haifai, na hapo nunua triga.

Inachukua muda mrefu kujaa, au haijai kabisa

Anza na betri. Betri za zinki za bei ya chini haziwezi kutoa mkondo unaotakiwa. Flashi inalia kwa sauti nyembamba, inaendelea kulia, na taa haiwaki. Weka alkalini au za kuchaji za NiMH. Hizi za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, lakini hutoa mkondo mkubwa kwa urahisi na hujaza flashi upesi zaidi.

Kisha fungua kifuniko cha betri utazame springi na vibati. Unga mweupe au wa kijani ni uvujaji. Betri ya alkalini huvuja kitu cha magadi, nacho husafishwa kwa tindikali hafifu: chovya kijiti cha pamba kwenye siki au maji ya ndimu, sugua, kausha, malizia na spiriti. Ya zinki huvuja kitu chenye tindikali, na hiyo husafishwa kwa baking soda iliyoloweshwa kidogo. Vaa glavu, na usimwage kitu chochote ndani ya flashi.

Kama betri ni nzuri, vibati vinang'aa, na flashi ilikaa miaka bila kutumika, tatizo huwa ni kapasita kubwa. Ndani yake kuna utando mwembamba unaodhoofika ikikaa bila umeme, ikawa inavujisha kile inachojazwa. Mara nyingi hurudi ukiiamsha polepole. Iwashe, isubiri mpaka taa ya tayari, uizime bila kupiga, uiache dakika kadhaa. Rudia. Safari inayofuata iache ikiwaka robo saa, halafu ipige mara chache, ukiacha dakika nzima kati ya pigo na pigo. Utaona muda wa kujaa unapungua. Ikiwa mwili unapata joto karibu na kapasita, au dakika nyingi zimepita na taa bado, acha hapo. Kapasita hiyo imekufa.

Na hata ikiwa nzima, usipige mara tu taa inapowaka. Taa huwaka kabla haijajaa. Volti ikiwa imefika 80% tu, nishati iliyopo ni 64%, na picha itapungukiwa zaidi ya nusu hatua. Ongeza sekunde chache. Picha zinazoyumba bila sababu nyingi zinatibiwa na subira hiyo.

Harufu ya kuungua, mlio wa kupasuka, plastiki ya mbele imegeuka kahawia

Zima, toa betri, iweke kando. Kwa kupiga mfululizo kwa nguvu zote joto hujikusanya mbele ya balbu, plastiki inaungua, na balbu yenyewe inaweza kupasuka. Baada ya mapigo kumi na tano hivi ya nguvu zote, ipumzishe dakika kumi.

Nakuomba usiifungue nyumbani. Kapasita ya microfaradi 1000 kwenye volti 330 inabeba karibu juli 54, na hubaki nazo muda mrefu baada ya kuzimwa, betri zikiwa mezani. Mshtuko wake unaweza kusimamisha moyo. Fundi anayezijua hutoa umeme huo kupitia rezista kabla ya kugusa kitu. Anayetaka kuutoa kwa bisibisi usimpe flashi yako.

Kamera haiwashi tena flashi yoyote

Jaribu flashi mbili tofauti unazojua ni nzima, zenye volti ndogo, shata ikiwa ya kawaida na spidi 1/125. Zikikataa zote mbili, tengeneza kipimo cha mwisho: pima ukinzani kati ya pini ya kati ya kiti na reli yake, kamera ikiwa imezimwa na betri imetolewa. Ukikuta karibu na sifuri, swichi imeungana na haitaachana. Dalili yake nyingine ni flashi kupiga yenyewe mara tu ukiiweka. Ukikuta ukinzani mkubwa usiobadilika na flashi bado hazipigi, swichi huenda imekatika, au njia yake ndani ya bodi.

Matengenezo yake ni ya fundi wa bodi, na kwa kamera ya mtumba gharama inaweza kuzidi thamani yake. Kabla ya kuamua hivyo, inua flashi ya ndani ya kamera ujaribu. Mara nyingi ina saketi yake na bado ni nzima. Ikiwaka, kamera hiyo inaendelea na kazi: flashi ya ndani kwa nguvu ndogo, flashi ya zamani kwenye stendi na sensa yake ya mwanga, mita mbili au tatu pembeni mwa mhusika, ambako ingemulika vizuri zaidi tangu mwanzo.